Daftari la Gereji, Msamvu

Jumatano, 2 Julai 2025

Imeingia Harrier ya mwaka 2001, injini 1MZ-FE, V6 ya lita 3. Mwenyewe mwalimu mstaafu wa Iringa, alikuwa anateremka Dar kwa binti yake. Nimemwamkia, ameitikia, akakaa kwenye benchi na kueleza bila haraka. Taa ya cheki injini imewaka tangu mwezi uliopita. Mlimani gari halivuti. Gia ya mwisho haiingii hata kwenye tambarare. Mafuta linakunywa kuliko zamani. Safari iliyopita, wakati wa kurudi, Kitonga alipitwa na lori lililobeba saruji.

Kabla yangu alisimama gereji moja ya njiani. Huko walichomeka skana, wakaona habari ya noki kwenye kioo, wakamwambia injini imenoki, atafute ya mtumba. Walimtajia na bei.

Nimewasha. Nimesikiliza juu na chini, injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Beringi za konrodi hazina mlio wowote, presha ya oili nzuri, sailensa imetulia. Skana yangu imetoa kodi moja tu, P0330.

"Mzee, injini yako nzima."

"Kijana wangu, mwenzio amesema imekufa, wewe unasema nzima. Nimwamini nani?"

"Usimwamini mtu, mzee. Niachie gari, nitakuonesha kwa macho."

Amekubali, kapanda basi kwenda Dar, gari limebaki.

Neno la kuandika kabla ya kulala: P0330 haisemi kwamba injini inagonga. Inasema kontroli boksi haipati habari inayoeleweka kutoka kwa sensa ya noki ya pili. P0325 husema hivyohivyo juu ya sensa ya kwanza. Injini ikigonga kweli na sensa zikiwa nzima, kwa kawaida taa haiwaki. Kontroli boksi inachelewesha cheche kimya kimya na safari inaendelea. Taa huwaka sikio linapokufa, si mwili unapougua.

Alhamisi, 3 Julai

Dogo aliyeletwa kutoka chuo cha VETA Kihonda kwa mafunzo ya vitendo ana maswali mazuri. Leo ameuliza kugonga, yaani noki, ni nini hasa, maana kila fundi humwambia "ni mlio" na kuishia hapo.

Nimemchorea silinda. Plagi inapiga cheche, moto unaanzia pale na kusambaa kuelekea kuta. Mchanganyiko ambao moto haujaufikia unabanwa na kupata joto. Kila kitu kikienda sawa, moto unaufikia na kuuchoma kwa utaratibu. Ukizidiwa na joto na mgandamizo kabla moto haujafika, unawaka wenyewe, wote kwa mara moja. Presha inaruka ghafla na mawimbi yake yanagonga ukuta huu na ule ndani ya silinda. Huo ndio mlio mkali wa chuma unaousikia ukikanyaga mafuta mlimani. Ukiachwa uendelee, unavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, unakula uso wa pistoni, unaunguza gasketi ya silinda hedi.

Yanayouleta: petroli ya oktane ndogo, cheche inayowahi mno, joto la injini, kaboni iliyoganda kichwani mwa pistoni, na dereva anayekanyaga hadi chini mzunguko ukiwa mdogo.

Mlio wenyewe una sauti yake maalumu, na sauti hiyo inahesabika. Charles Stark Draper wa MIT aliichunguza hesabu hii miaka ya 1930. Chukua 1.841, zidisha kwa kasi ya sauti ndani ya gesi ya moto, gawanya kwa pai mara kipenyo cha silinda. Kasi ya sauti mle ndani ni kama mita 950 kwa sekunde. Silinda ya 1MZ ina kipenyo cha milimita 87.5. Dogo amepiga hesabu kwenye simu, amepata karibu hezi 6,400. Nikampa na IST, injini 1NZ, kipenyo milimita 75. Amepata karibu 7,400. Amefurahi kugundua mwenyewe kwamba silinda ikiwa nyembamba sauti inapanda.

Basi kazi ya sensa ni kuitafuta sauti hiyo moja katikati ya kelele zote za valvu, cheni, injekta na gia. Ndani yake kuna kipande cha kauri ambacho kikibanwa au kutikiswa kinatoa umeme kidogo. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, ndio walioonesha tabia hiyo ya mawe fulani mwaka 1880. Sensa haihitaji kupewa umeme, inautoa yenyewe.

Kontroli boksi nayo haisikilizi muda wote. Inafungua dirisha dogo kila silinda inapomaliza kupokea cheche, pistoni ikianza kushuka, kisha inalifunga. Kwa kuwa inajua ni zamu ya silinda ipi, inajua pia ni ipi iliyogonga. Ikisikia, inachelewesha cheche kwa digrii chache mara moja, halafu inairudisha polepole mpaka isikie tena. Injini inaishi pembezoni mwa kugonga, kwa sababu karibu na hapo ndipo nguvu inapopatikana.

Alhamisi hiyohiyo, usiku

Sensa ziko wapi? Swali hili huwapotezea watu siku nzima, kwa hiyo naliandika.

Injini ya silinda nne mstari mmoja: mara nyingi ni moja, ubavuni mwa bloku, chini ya menifoldi ya hewa, karibu na katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, ili izisikie zote nne bila upendeleo. Subaru EJ: juu ya bloku, chini ya menifoldi, boliti moja, mkono unafika. Nissan VQ30: bondeni mwa V, chini ya menifoldi. Harrier hii: mbili, zote bondeni mwa V, chini ya menifoldi ya chini, kila moja upande wake. Ya kwanza ni ya silinda 1, 3 na 5, nyuma, upande wa kabini. Ya pili ni ya silinda 2, 4 na 6, upande wa rejeta. P0330 ni hii ya rejeta.

Huwezi kuziona bila kufungua nusu ya juu ya injini. Ndiyo maana upimaji lazima umalizike kabla ya kushika spana.

Na hapa kuna mtego. Sensa za Harrier hii ni za zamani, zinazofungwa kwa nyuzi zake zenyewe, waya mmoja, ndani zina bamba lililotengenezwa litikisike kwa sauti ya kugonga tu. Ukiipima kwa mita, kati ya waya na mwili wake haipitishi kitu. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini waya uliokatika nao haupitishi kitu. Mita itakuonesha jibu lilelile kwa sensa nzima na kwa waya uliokufa, na fundi anayeamini mita peke yake atabadilisha sensa nzima halafu taa iwake tena.

Aina mpya, ile bapa yenye tundu la boliti katikati, Toyota wameitia rezista ya kilo-omu 200 ndani. Ukiipima ikiwa baridi unatarajia kati ya kilo-omu 120 na 280. Kwa rezista hiyo kontroli boksi inaujua waya uliokatika au uliogusana. Sensa hiyo pia inasikia upana mkubwa zaidi wa sauti, kuanzia kama kilohezi 6 mpaka 15.

Nilichofanya leo: nimechomeka oskiloskopu ya mkononi kwenye soketi ya waya za sensa, nikamwambia Dogo agonge taratibu kwa spana ndogo kwenye chuma cha injini karibu na bonde. Asiguse sensa, asipige kwa nyundo. Laini ya sensa ya kwanza imeruka kila alipogonga. Ya pili imelala, haina hata mtikisiko.

Kisha nimebadilishana waya pale kwenye soketi, wa kwanza ukaenda kwa wa pili. Tumefuta kodi, tumeendesha kuelekea Mzumbe na kurudi. Taa imewaka, na kodi imehama. Sasa ni P0325. Maana yake kontroli boksi na waya zake nzima. Ubovu uko upande wa bondeni, kwenye sensa au kwenye kipande kifupi cha waya kinachotoka humo.

Ijumaa, 4 Julai

Tumefungua baada ya kumpigia mzee na kupata ruhusa yake.

Mpangilio, ili Dogo aunakili: toa waya wa betri. Punguza presha ya mafuta kabla ya kugusa bomba lolote la petroli, na moto uwe mbali. Mwaga maji ya rejeta, maana yatakuangukia bondeni. Toa chemba ya hewa ya juu, kila hozi iandikwe ilikotoka. Toa reli za injekta. Toa menifoldi ya chini. Mara tu ikitoka, ziba matundu ya silinda hedi kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi. Nati moja ikitumbukia humo, mzee atakuwa ameuziwa injini ya mtumba kweli.

Bonde limejaa vumbi la miaka yote. Tumelifyonza kabla ya kufungua chochote zaidi.

Waya ndio uliokuwa na kesi. Plastiki yake imekauka kwa joto, imepasuka vipande vipande, na shaba ndani imegeuka kijani. Nimeukunja kidogo karibu na sensa ya pili, ukakatika mkononi. Ndani ulishakatika zamani; ganda tu ndilo lililokuwa limebaki. Waya wa sensa ya kwanza bado unapitisha, lakini umepasuka vilevile. Siku zake zilikuwa zinahesabika.

Sensa zote mbili tumezitoa na kuzifunga kwenye kipande kinene cha chuma kwenye jiriwa. Tukagonga jiriwa, oskiloskopu ikiwa imechomekwa. Mawimbi ya zote mbili yamepanda sawa. Nimeyapiga picha na kumtumia mzee.

Amepiga simu papo hapo. "Kwa hiyo masikio yote mawili yanasikia?"

"Yanasikia, mzee. Waya ndio uliokufa."

"Na ungezibadilisha sensa tu bila waya?"

"Ungelipa sensa, ungelipa gasketi, na taa ungerudi nayo Iringa."

Amecheka, akasema hiyo ndiyo tofauti ya kusahihisha mtihani na kuugawia alama tu.

Ushauri wangu kwake: tukishafungua mpaka hapa, ni busara kuweka sensa mpya pamoja na waya, maana kufungua tena ni gasketi nyingine na kazi nyingine. Ila ziwe za kweli. Amesema nikaone Dar, uamuzi ni wangu.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeshuka Dar kwa treni ya umeme, Gerezani nimefika maduka yakifunguliwa. Mfukoni nimebeba sensa moja ya mzee ya kulinganishia, kipande cha chuma chenye tundu la nyuzi na ile oskiloskopu.

Wauzaji wawili wamekataa nisipime. Nimewaaga kwa adabu. Watatu wamekubali, mmoja wao kwa kicheko, akawaita wenzake waje waone fundi anayesikiliza spea. Nilifunga ya mzee, nikagonga, nikaangalia wimbi. Kisha nikafunga ya kwao, nikagonga palepale kwa nguvu ileile. Ya kwanza, boksi lake zuri na maandishi yote, ilitoa wimbi dogo mno, chini ya nusu. Ya pili ilitoa wimbi linaloyumba. Ya tatu ilikuwa mtumba iliyotolewa kwenye injini, wimbi zuri, lakini nyuzi zimeliwa.

Sensa yenye sauti ndogo ni mbaya kuliko iliyokufa. Iliyokufa inawasha taa na mwenye gari anajua. Hii dhaifu haiwashi kitu. Inasikia nusu ya kugonga na kuiacha nusu nyingine iendelee kula pistoni.

Nimenunua waya mpya wa bondeni, nilioukagua soketi na urefu, na gasketi za menifoldi na chemba. Sensa za mzee zitarudi kwake. Za Toyota zilizokaa miaka 24 na bado zinasikia zimezishinda mpya zote nilizogonga leo. Hela ya sensa nimemrudishia kwenye simu kabla sijapanda treni.

Jumapili, 6 Julai

Kutwa nyumbani. Nimesoma kidogo na kuyapanga haya kwa mwaka, Dogo akitaka nimpe.

Kabla ya sensa, dawa ya kugonga ilikuwa risasi ndani ya petroli. Desemba 1921, kwenye maabara ya General Motors, Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Charles Kettering, alikuta kwamba tone la risasi ya tetraithaili linakomesha kugonga. Kwa miongo mingi dunia nzima ilichoma risasi ili injini zisigonge, na watoto wakaivuta kwa pumzi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimemaliza. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani. Tangazo la kwisha kwa petroli ya risasi lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Nairobi, Agosti 2021.

Wakati huohuo watengenezaji walikuwa wanatafuta njia ya pili: badala ya kuinyamazisha petroli, waisikilize injini. Buick iliweka sensa kwenye V6 yake ya tabo mwaka 1978. Saab, mwaka 1982, ilitumia sensa kupunguza msukumo wa tabo pale injini ilipoanza kugonga, ili dereva aweze kutia petroli yoyote aliyoipata njiani.

Hiyo faida ya Saab ndiyo tunayoishi nayo sisi. Gari limetengenezwa Japani kwa petroli ya Japani, likafika hapa, likanywa ya kwetu, ya Tunduma na ya Kigoma, na halikuvunjika pistoni. Si bahati. Kuna kitu kinachosikiliza.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Watu wengi wako maonyeshoni au nyumbani, gereji imetulia. Siku nzuri ya kufunga injini bila kuitwaitwa.

Sensa: nyuso za bloku zimesuguliwa mpaka chuma kinang'aa, bila rangi, bila kutu, bila mafuta. Hakuna washa, hakuna gundi ya nyuzi. Sensa inasikia kwa kugusana na chuma; chochote kinachokaa katikati kinakula sauti. Zimekazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu. Dogo aliuliza kwa nini tusikaze "mpaka ihisi vizuri" kama mafundi wengine. Nimemwambia kauri iliyo ndani inabadilisha sauti yake kwa mkazo. Ikilegea inasikia vibaya, ikizidi inaweza kupasuka. Zile bapa Bosch wanataka nyutonimita 20, pungufu au zaidi kwa 5, boliti ya M8, na ndivyo tutakavyofanya siku ikija hapa.

Waya mpya umepitishwa njia ileile ya zamani, mbali na chuma cha moto, klipu zote zimerudi. Waya unaotoka kwenye soketi kwenda kontroli boksi una wavu wa kinga kuzunguka wote. Hatujaugusa, na atakayewahi kuukata asiunge kwa waya wa kawaida wa redio, ataleta kelele za koili za plagi ndani ya laini ya sensa.

Gasketi mpya, menifoldi imekazwa kuanzia katikati kwenda nje, injekta na oringi mpya, maji, betri. Imewaka mara ya kwanza.

Jumanne, 8 Julai

Jaribio. Oskiloskopu kwenye soketi: laini zote mbili zinaruka tukigonga chuma. Skana: hakuna kodi. Barabarani kuelekea Mikumi gia ya mwisho imeingia yenyewe, na gari limevuta kama lilivyotengenezwa.

Dogo alitaka kujua kwa nini waya mmoja ulimnyang'anya mzee nguvu yote ile. Jibu: kontroli boksi ikipoteza sensa haibahatishi. Inachelewesha cheche kwa kiwango cha juu kabisa ilichowekewa, ili hata injini ikigonga isiumie. Cheche iliyochelewa inapoteza nguvu na kula mafuta. Na gari hili likazuia na gia ya mwisho, ili injini isibebeshwe mzigo mzito mzunguko ukiwa mdogo. Yote yale aliyoyalalamikia mzee yalikuwa ulinzi.

Mzee amekuja na basi la mchana. Nimemwonesha waya wa zamani, picha za mawimbi, risiti za Gerezani. Ameuchukua waya, akauweka kwenye mkoba. Anasema kuna gereji moja anataka kuipelekea.

Alhamisi, 10 Julai

Leo kesi mbili, na zote zinaelekea palepale.

Ya kwanza: dereva wa IST ya teksi. Inagonga. Kweli inagonga, nimeisikia mwenyewe ikipanda kilima, mlio wa chuma unaotoka ukikanyaga na kupotea ukiachia. Taa haiwaki, skana haina kodi. Yeye anataka sensa ya noki mpya, kaambiwa kijiweni.

Sensa imepimwa, nzima, na skana inaonesha cheche inarudishwa nyuma muda wote. Inasikia, inapigana, inazidiwa. Nikamuuliza mafuta anatia wapi. Kwa jamaa wa madumu, anasema, ni rahisi kidogo. Nimetoa kidogo kwenye tangi kwa chupa. Harufu ya mafuta ya taa ilifika puani kabla sijaikaribia.

Mafuta ya taa yana oktane ya chini mno kwa injini ya petroli. Yakichanganywa, cheche haiwezi kuchelewa vya kutosha. Tuliteseka nayo sana miaka ile ya kuchakachua, kabla mamlaka ya nishati, EWURA, haijaanza kutia vinasaba vya kuyatambulisha kwenye mafuta mwaka 2010 na kabla serikali haijapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata ili biashara hiyo ikose faida. Imepungua, lakini dumu la kando ya barabara halina kinasaba.

Alisema kitu kimoja cha kuzingatiwa: akipeleka abiria Iringa, kule juu haigongi sana. Si kwamba gari linaipenda baridi tu. Iringa iko juu ya mita 1,500. Hewa nyepesi, silinda inajaa kidogo, mgandamizo unapungua, na mafuta mabaya yanajificha. Akishuka huku chini kwenye hewa nzito na joto, yanajitangaza. Tumemwaga tangi, tumetia petroli ya kituo. Mlio umekwisha. Sensa sijamuuzia.

Ya pili: Subaru Forester ya tabo. Taa ilikuwa imewaka kwa sensa ya noki. Fundi mmoja akaizima kwa kumfungia rezista mahali pa sensa, thamani ileile ambayo kontroli boksi inategemea kuikuta. Mwenyewe aliona ni ujanja, kwa sababu taa ilizimika na nguvu ikarudi. Ilirudi kweli. Sasa injini inatoa moshi wa buluu na silinda moja haina kompresheni.

Nimemweleza polepole, kijana mstaarabu, hakustahili yaliyompata. Sensa ikifa, kontroli boksi inajua haisikii, inarudi nyuma na kukulinda. Ukiifungia rezista, inaamini inasikia na kwamba kuna amani. Inapeleka cheche mbele mpaka mwisho, tabo inasukuma, injini inagonga, na hakuna anayemwambia mtu kitu. Gari lenye taa iliyowaka linaweza kufika Iringa likiwa dhaifu. Gari lenye rezista linafika kwa nguvu zote mpaka siku pistoni inapovunjika. Na kwenye Subaru ile sensa iko juu ya bloku, boliti moja tu kuibadilisha.

Jumamosi, 12 Julai

Mzee amepiga simu akiwa Ilula. Kitonga ameipanda bila kupitwa na lori hata moja. Amenisalimia na Dogo, na amesema ule waya ameupeleka. Mazungumzo yalikuwa marefu.

Nimembandikia Dogo karatasi ukutani juu ya benchi la umeme, naiandika na hapa.

Kodi ya sensa ya noki ni kodi ya laini: anza na soketi na waya. Taa ikiwaka bila mlio, tafuta ubovu wa kusikia. Mlio ukiwepo bila taa, tafuta mafuta, joto, kaboni, taimingi. Usifungue menifoldi kabla hujaona wimbi au kukosa wimbi kwa macho yako, na kabla hujabadilishana waya pale injini ina sensa mbili. Mita haitoshi kwa sensa za zamani. Chuma kisafishwe, mkazo upimwe, washa na gundi marufuku. Sensa usiyoijaribu usimfungie mteja, hata boksi liwe zuri namna gani. Ukifungua V, waya wa bondeni ubadilishwe hata kama bado unapitisha.

Na rezista ya kudanganyia haitafungwa kwenye gereji hii, kwa mteja yeyote, kwa bei yoyote. Anayeitaka nitampa funguo zake na kumfungulia geti.